Fundi Ajibu: Gari la spoti la zamani linapochemka

Kiangazi cha Januari hadi Machi kimetuletea barua nyingi za wenye MG, Datsun, Triumph na jamaa zao. Karibu wote wanauliza wanunue spea gani. Sisi tunawauliza kwanza: linachemka lini? Likiwa limesimama, likipanda mlima, likiteremka, au ukishalizima? Ukijua hilo, nusu ya kazi imekwisha, na huenda usinunue chochote.

Nina MGB ya 1972. Nikienda Maseno asubuhi mshale wa joto unatulia katikati, lakini nikinaswa Kondele saa nane mchana kati ya matatu na bodaboda, unapanda hadi karibu na H. Fundi anasema ninunue rejeta mpya. Ni lazima?
*Msomaji, Milimani, Kisumu*

Weka pesa yako mfukoni kwanza. Gari linalopoa likikimbia na kupata joto likisimama lina shida ya upepo. Barabarani kwa kilomita 60 kwa saa, upepo wa mbele unafanya kazi yote na feni inasindikiza tu. Ukisimama, feni inabaki peke yake, na hapo ndipo udhaifu wake unapoonekana. Rejeta iliyoziba ingekusumbua zaidi kwenye mwendo na milimani.

Anza na mkanda wa feni, kwa sababu kwenye MGB mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji na alteneta. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu zaidi. Unapaswa kushuka kama milimita 13. Ukishuka zaidi, unateleza. Angalia pia kingo zake: ziking'aa kama zimepigwa rangi ya kiatu, badilisha mkanda wenyewe. Usiukaze kupita kiasi, maana utaua beringi ya pampu.

Kisha chungulia uso wa rejeta kwa tochi. Kisumu ina balaa lake: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda hewani kama moshi huingia kati ya vibati vyembamba vya rejeta, wakakauka humo na kugeuka tope. Ukipita mara kwa mara barabara ya Chemelil na Muhoroni, ongeza nyuzinyuzi za miwa zinazodondoka kwenye trela. Toa kava za mbele, kisha pitisha maji ya mpira kutoka upande wa injini kuelekea nje, ili uchafu urudi ulikotoka. Tumia presha ndogo. Mashine ya kuosha magari ikisogezwa karibu hulaza vibati vyote, na hapo umejiongezea kazi. Vilivyolala vinyooshe kimoja kimoja kwa kisu kisicho na makali.

Baada ya hapo tazama mianya. Hewa ni mvivu, hupita panapo njia rahisi. MGB ilitoka kiwandani na ukanda wa sponji juu ya bamba linaloshika rejeta, unaoziba nafasi kati ya bamba na boneti. Kwenye magari mengi ukanda huo uliliwa na miaka. Bila huo, hewa ya moto ya injini huzunguka juu ya rejeta na kurudi mbele, feni inaivuta tena. Sponji ngumu ya unene wa sentimita 2 na gundi ya viatu vinatosha. Na zile taa kubwa za ziada mbele ya greli, ziondoe mpaka mvua zianze. Urembo huo unakula upepo.

Ukifanya yote hayo na mshale bado unapanda, ndipo ufikirie feni ya umeme. Ya kipenyo cha sentimita 30 hula takriban ampea 10, na zaidi kidogo inapoanza kuzunguka. Iwekee rile yake (swichi ndogo ya umeme inayobeba mzigo wa feni), fiuzi ya ampea 20, waya wa milimita mraba 2.5 au 4 kutoka kwenye betri, na ethi safi kwenye bodi. Usiipitishe kwenye swichi ya ufunguo, itaichoma. Swichi ya joto ichague inayowasha kwenye nyuzi 88 hadi 90. Feni ikikaa nyuma ya rejeta na kuvuta hufanya kazi vizuri kuliko ikikaa mbele na kusukuma, lakini pima nafasi kati yake na pampu kwanza. Baada ya kufunga, weka karatasi mbele: inapaswa kunaswa. Ikipeperushwa, nyaya zimegeuzwa, na feni inapigana na upepo wa barabarani. Usikubali ifungwe kwa zile pini za plastiki zinazotobolewa katikati ya rejeta. Husugua mirija hadi ivuje.

Gari lako la 1972 lina alteneta, kwa hiyo umeme utatosha. Wenye MGB za kabla ya 1968 zenye dainamo wajihadhari: dainamo haichaji injini ikinguruma polepole, na feni ya umeme itamaliza betri hapohapo kwenye msongamano.

Tuna Datsun 240Z iliyokuwa ya baba. Nakuru mjini haina neno. Tukipanda kwenda Eldoret, kuanzia Salgaa mshale unapanda, na kabla ya Timboroa inatoa mvuke. Fundi ametoa thamostati ili maji yazunguke bila kizuizi, lakini hali ni ileile.
*Ndugu wawili, Section 58, Nakuru*

Rudisheni thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto na kuyaruhusu maji kwenda kwenye rejeta. Tunajua ushauri huo umeenea gereji zote kutoka Gilgil hadi Malaba, na kwenye lori la zamani pengine hauonekani kuleta madhara. Wapo pia wanaopinga kwa sababu isiyo sahihi, kwamba maji yakienda haraka hayapati muda wa kupoa ndani ya rejeta. Si kweli. Maji yakienda haraka rejeta haipungukiwi kitu. Sababu za kweli ni hizi: thamostati hubana njia kidogo, na ule mbano huipa pampu nafasi ya kujenga presha ndani ya bloku na hedi, ili mvuke usitokee kwenye kuta za moto karibu na vali. Bila huo, mapovu ya mvuke hukaa hapo, chuma kinakosa maji, na joto linapanda ghafla. Kwenye injini nyingine, kama Jaguar za XK za mwanzo, thamostati yenyewe ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu kubwa ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Zaidi ya hayo, kule Timboroa asubuhi injini itakaa baridi muda mrefu mno, petroli itaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zitalika.

Nunueni ya nyuzi 82. Kuipima, itundikeni kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Inapaswa kuanza kufunguka kwenye 82, ipishane nyuzi mbili hivi. Lakini msishangae isipofunguka kabisa. Nyingi hufunguka kikamilifu karibu na nyuzi 95, na Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, ambako maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94. Hamwezi kuifikisha. Thamostati nyingi nzima zimetupwa kwa sababu hiyo. Mnapoifunga, kile kijitundu chenye kipini kikae juu kabisa ili hewa itoke.

Sasa tuje kwenye mlima wenyewe, maana hapo ndipo penye siri. Timboroa ni zaidi ya mita 2,700, na maji yaliyo wazi huchemka huko kwenye nyuzi 91 hivi. Injini yenu nzima inafanya kazi kwenye 85 hadi 95. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta peke yake. Kifuniko cha 240Z ni cha kilo 0.9 kwa sentimita mraba, yaani psi 13. Kikiwa kizima, maji yenu Timboroa hayachemki mpaka nyuzi 113 hivi. Kikiwa kimekufa, ni 91. Zaidi ya nyuzi 20 zimepotea kwa kipande cha mpira kilichopasuka! Ndiyo maana gari linatulia Nakuru mjini na kutoa mvuke huko juu.

Kikagueni: mpira wa chini usiwe na nyufa wala alama ya kubonyea, springi irudi kwa nguvu, na ile vali ndogo ya katikati ivutike na kurudi. Injini ikipoa na hozi ya juu ikakutwa imebonyea, vali hiyo ndogo imekwama. Hakikisheni pia urefu wa kifuniko unalingana na shingo ya rejeta. Kuna vifuniko vinavyojifunga vizuri juu lakini mpira haufiki chini, navyo havishiki presha yoyote. Wauzaji wa rejeta wengi wana pampu ya kupimia, ombeni wawapimie. Msiweke kifuniko cha presha kubwa kuliko cha kiwandani kwa tamaa: risasi ya viungo vya rejeta ya miaka 50 itaachia.

Kifuniko kikiwa sawa na shida ikabaki, fuateni maji. Injini ikiwa ya moto, pitisheni bunduki ya kupimia joto kwenye uso wa rejeta. Joto linapaswa kushuka polepole kutoka upande maji yanakoingilia kwenda yanakotokea. Mkikuta ukanda wa baridi peke yake, mirija ya hapo imeziba. Fundi mzuri wa rejeta atafungua tangi la juu, apitishe ubapa wa chuma kwenye kila mrija, kisha alifunge tena. Kama mirija mingi imeshazibwa kwa risasi huko nyuma, msihangaike nayo, wekeni kifua kipya, yaani fungu lote la mirija na vibati. Halafu mtu mmoja akanyage hadi mizunguko 3,000 huku mwingine akitazama hozi ya chini. Ikibonyea, imechoka, nayo inanyonga pampu wakati inapohitajika zaidi.

Feni ya 240Z ina klachi ya oili ya silikoni. Zimeni injini ikiwa ya moto, kisha izungusheni kwa mkono. Inapaswa kukataa kidogo. Ikizunguka kama feni ya dari, oili imevuja. Hili lina uzito mlimani, kwa sababu mko nyuma ya malori kwa kilomita 30 kwa saa, na hewa ya huko juu ni nyepesi, inabeba joto kidogo. Ndiyo maana pia msing'ang'anie gia ya nne. Shukeni gia za chini, injini izunguke 3,000 hadi 3,500, pampu na feni ziende kasi, na mguu upungue kwenye petroli.

Jambo moja la mwisho kwenu. Mkiwasha injini ya baridi na hozi ya juu ikawa ngumu ndani ya dakika mbili, au mkaona mapovu yasiyokoma kwenye shingo ya rejeta, moshi wa silinda unaingia kwenye maji: hedi gasketi imeondoka. Hedi ya injini hiyo ni ya alumini. Ikitolewa, ipimwe kwa rula ya chuma na fila (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya), na ikizidi milimita 0.1 ya kupinda, isawazishwe kabla ya gasketi mpya.

Msiongeze vitu vingine. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 likiwa na Shekhar Mehta. Mitambo yake ya kupoza inatosha kwa barabara zetu. Tafuteni kilichoharibika.

Nitumie maji gani? Nina ya bomba, ya kisima na ya mvua. Jirani ananiambia kulanti ni ya nchi za baridi.
*Msomaji, Kakamega*

Barafu kweli haitakupata Kakamega. Lakini ndani ya kulanti, kile kimiminika kinachochanganywa na maji ya rejeta, mna dawa ya kuzuia kutu, na hiyo ndiyo unayoinunua. Maji matupu hubeba joto vizuri kuliko kulanti, kwa hiyo nusu kwa nusu ni nyingi mno kwetu. Theluthi moja inatosha: mfumo wa lita 6 hupata lita 2 za kulanti na lita 4 za maji. Ukipunguza zaidi ya hapo dawa inakuwa dhaifu.

Maji yawe yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Soma chupa mara mbili, maana karibu nayo kwenye rafu kuna asidi ya betri, na hiyo itakula rejeta. Ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza, yakachujwa kwa kitambaa, ni ya pili kwa ubora. Maji ya kisima yaache. Chumvi zake hujenga magamba mahali penye moto zaidi, yaani kwenye hedi.

Kwa rejeta ya shaba iliyounganishwa kwa risasi, chagua kulanti ya aina ya zamani yenye silikati, na uibadilishe kila miaka miwili. Zile za maisha marefu zilitengenezwa kwa injini za kisasa. Rangi isikudanganye, kila kiwanda kina yake, soma lebo.

Kama mfumo una kutu tayari, toa maji, fungua na plagi ya bloku, si bomba la rejeta tu, kwa sababu tope hukaa nyuma ya bloku. Changanya unga wa asidi ya limau gramu 50 kwa kila lita ya maji, jaza, endesha dakika 20 hadi 30, kisha mwaga na suuza mpaka yatoke meupe. Usiilaze humo usiku kucha, hasa kwenye hedi ya alumini. Na jiandae: kutu wakati mwingine ndiyo iliyokuwa imeziba tundu.

Triumph Spitfire yangu Mk3 imetuniwa Eldoret na inaenda vizuri sana. Nikiteremka Kisumu inagongagonga nikikanyaga, na joto linapanda. Nikirudi nyumbani inatulia. Kuna nini?
*Msomaji, Elgon View, Eldoret*

Hakuna kilichovunjika. Umetuniwa kwa hewa ya mita 2,100 na unaendesha kwenye hewa ya mita 1,130. Huko chini hewa ni nzito, kabureta inapitisha hewa nyingi zaidi kwa petroli ileile, na mchanganyiko unakauka kwa takriban asilimia 5. Mchanganyiko mkavu huwaka kwa joto kali. Juu ya hayo, fundi wa Eldoret mara nyingi husogeza taimingi (wakati cheche inapopiga) mbele ili kurudisha nguvu iliyopotea mwinukoni, na taimingi hiyo Kisumu ni ya mapema mno. Mgongano unaousikia ndio unaotoboa pistoni, usiuzoee.

Mpangilio wa pande zote mbili unawezekana. Taimingi irudishwe kwenye kipimo cha kitabu kwa taa ya strobo. Kabureta zako ni SU mbili za HS2: zungusha nati ya jeti ya kila moja chini kwa upande mmoja tu wa pembe sita, ukiwa Kisumu, injini ya moto. Kisha nyanyua pistoni ya kabureta kwa kile kipini chake, chini ya milimita moja. Mngurumo ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Injini ikitaka kuzima, ni kidogo. Ukipanda kidogo na kutulia, umepata. Eldoret itakuwa na petroli ya ziada kidogo, na hilo halina madhara ila plagi zitakuwa nyeusi zaidi.

Usisahau kinyume chake: taimingi iliyochelewa nayo hupandisha joto, kwa sababu moto unamalizikia kwenye ekzosti. Vuta kwa mdomo ule mpira mwembamba unaoingia kwenye distribyuta. Bamba la ndani lisipozunguka, diaframu imepasuka.

Nina Capri 1600 GT. Safarini haichemki kabisa. Nikisimama Ahero dakika kumi kununua mchele, inakataa kuwaka. Baada ya nusu saa inawaka yenyewe.
*Mama msomaji, Kericho*

Hiyo ni petroli inayochemka, mama, si maji. Ukizima injini, upepo na maji husimama, na joto la chuma hupanda hadi kwenye kabureta na pampu ya petroli iliyofungwa kwenye bloku. Petroli inakuwa mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke.

Ukisimama, fungua boneti. Ukiwasha, kanyaga mafuta hadi chini bila kupampu, piga stata sekunde 5 hadi 8. Dawa ya kudumu ni kusogeza paipu ya petroli mbali na ekzosti angalau sentimita 5, kuivalisha soksi ya kuzuia joto, kuweka kipande kinene kisichopitisha joto chini ya kabureta, na bati la kinga juu ya ekzosti. Pampu ya umeme karibu na tangi huimaliza shida kabisa, lakini iwe ya presha ndogo, psi 3 hivi, la sivyo itazidi nguvu ya sindano ya kabureta na petroli itamwagika juu ya injini ya moto. Vibanio vya nguo vya mbao kwenye paipu vinapendwa sana. Havifanyi chochote.

Likishachemka njiani nifanye nini?
*Msomaji, Bungoma*

Mshale ukikaribia alama nyekundu, washa hita yote na ufungue madirisha. Utateseka, lakini hita ni rejeta ya pili. Zima viyoyozi na taa. Usipopata nafuu ndani ya dakika moja, egesha na uzime. Usiguse kifuniko kwa nusu saa au zaidi, mpaka hozi ya juu ishikike kwa mkono na kubonyea. Tumia kitambaa kinene, zungusha hadi kituo cha kwanza, acha ipumue. Ongeza maji polepole huku injini ikinguruma, yasiwe ya baridi sana, maana hedi ya moto ikipigwa na maji baridi hupasuka.

Porsche 911 ya 1978 haina maji. Basi haiwezi kuchemka?
*Msomaji, Njoro*

Inaweza, na kwa ukimya zaidi. Inapozwa na feni na oili, kwa hiyo geji ya oili ndiyo rafiki yako. Pima oili injini ikiwa ya moto, ikinguruma, kwenye sakafu tambarare. Ukipima imezimwa utadanganywa na kuishia kujaza kupita kiasi. Vile vibati na mipira inayoziba kuzunguka injini irudishwe vyote, kwa sababu ndiyo inayotenganisha hewa baridi ya juu na ya moto ya chini. Osha mapezi ya silinda na ya kipoza oili, panya wa shambani hupenda kujenga humo.

Mkanda wa feni hukazwa kwa kupunguza shimu (visahani vyembamba vya chuma) kati ya nusu mbili za puli. Zinazotolewa hufungwa upande wa nje ili zisipotee. Na taa nyekundu ya alteneta ikiwaka, simama hapohapo. Mkanda huohuo unazungusha feni, na ukikatika injini hiyo haina dakika nyingi.